Ugonjwa Usiofika Rumonge

Kuna ubovu wa giaboksi usiofika ziwani. Gari huamka nao Bururi, huteremka nao kona baada ya kona, na likiingia Rumonge saa nne asubuhi, mabati ya soko yakiwa yameshaanza kuchoma, ubovu umekwisha. Dereva humwita fundi. Fundi huingia, huweka gia, na gari huondoka kana kwamba halikuwahi kuumwa. Hapo ndipo mafundi huachana njia. Mmoja husema gari ni zima, dereva ndiye mwenye wasiwasi. Mwingine, na huyu ndiye ghali, huchukua spana na kuanza kuishusha giaboksi. Wa tatu huuliza: ilikuwa saa ngapi, na wewe ulikuwa umevaa koti?

Nataka kumsifu huyo wa tatu.

Swali la koti halina utani ndani yake. Rumonge, mji wa Burundi, imekaa kando ya Ziwa Tanganyika, mita 770 na kitu juu ya usawa wa bahari, na usiku wake mara chache humtafutisha mtu blanketi. Bururi iko juu yake kwa zaidi ya mita 1,000, na barabara inaumaliza mwinuko huo wote kwa safari fupi. Hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6 za Selsiasi kila mita 1,000 unazopanda. Ongeza impeshi, kile kiangazi cha Juni hadi Agosti, mbingu ikiwa wazi usiku kucha, nalo gari lililolala nje kule Bururi au Mugamba huamka na chuma baridi kweli. Si baridi ya Ulaya. Lakini otomatiki haihitaji theluji ili ibadilike tabia.

Kwenye gari la gia za mkono, meno ya chuma hushikana yenyewe kwa yenyewe, na mafuta kazi yake ni kulainisha. Kwenye otomatiki mafuta ndiyo mfanyakazi mkuu. Ndiyo yanayobeba nguvu ya injini ndani ya lile bakuli la chuma ambalo mafundi huliita toki konvata, ndiyo yanayosukuma pistoni zinazobana klachi, ndiyo yanayopita katika vijia vyembamba vya valvu ili gia moja iachie na nyingine ishike kwa wakati wake. Na yakimaliza hayo huenda kwenye rejeta kupoa, kisha yakarudi kazini. Mafuta ya kawaida ya giaboksi hizi yakiwa na nyuzi 40 huwa mazito karibu mara 5 kuliko yakiwa na nyuzi 100, na chini ya hapo uzito hupanda kwa kasi zaidi. Mtu wa Rumonge haelezwi jambo hili mara mbili. Mji wake unaishi kwa michikichi, na kila mama anayepandisha mawese milimani anajua kwamba bidoni iliyokuwa ikimiminika vizuri mchana wa ziwani, alfajiri ya Bururi itabidi isogezwe karibu na moto kabla haijatoa kikombe kimoja. Mafuta ya giaboksi yametengenezwa yasigande hivyo, ila yanaelekea upande huo huo.

Gereji ya fundi ninayemsema haina geti. Ina mwembe, magogo mawili ya kupandishia magari, sanduku la spana na benchi la wateja. Ufundi aliupata Buyenzi, mtaa wa Bujumbura unaosifika kwa Kiswahili chake na kwa gereji na maduka yake ya vipuri. Anachofanya cha ziada ni kukaa. Boneti ikiwa bado imefungwa, yeye hukaa benchi moja na dereva na kumsikiliza, na akimaliza kumsikiliza humrudisha nyuma amweleze tena, safari hii polepole.

Dereva wa Probox alikuja na malalamiko ya namna ile ile inayoisha njiani. Probox haihitaji utambulisho kwenye barabara hizi. Toyota iliitoa mwaka 2002 iwe gari la kupelekea vifurushi huko Japani. Hapa hupandisha abiria, ndagala na mukeke, hushusha viazi na maharage, na huendeshwa na mtu aliyekaa kulia katika nchi inayopita kulia, hivi kwamba anapotaka kulipita lori humtegemea abiria wa kushoto amwangalizie mbele.

“Mzee, asubuhi linakataa gia ya mwisho.”

“Linakataa, au linachelewa?”

Dereva akanyamaza. Ni swali zito kuliko linavyosikika, maana majibu yake mawili yanaelekeza kwenye sehemu mbili tofauti za gari. Gari linalochelewa ni lile ambalo ukitoa mkono wa gia kutoka P kwenda D au rivasi, huhesabu moja, mbili, hata tatu, ndipo linaposhika. Kama kuchelewa huko hupungua kadiri gari linavyopata moto, fundi huwaza mafuta yaliyopungua, kwa kuwa mafuta baridi hujikunja na yale yaliyokuwa pungufu kidogo huwa pungufu zaidi. Au huwaza sili za mpira zilizozeeka na kukauka, zinazovujisha presha hadi joto lizilainishe. Huo ni ugonjwa wa tumbo la giaboksi. Gari linalokataa ni jambo jingine. Linashika D bila shida, linapanda ya pili, ya tatu, kisha linaganda hapo, injini ikilia.

“Linakataa,” dereva akasema mwishowe. “Kushika linashika hapo hapo.”

“Na rivasi?”

“Nayo hivyo hivyo.”

“Na petroli je, linakula ngapi kwenda na kurudi?”

“Hapo ndipo ninapolia, mzee.”

Katika nchi ambayo foleni ya petroli imekuwa sehemu ya maisha kwa miaka kadhaa, dereva anaweza kusahau siku aliyobadilisha mafuta ya injini, lakini hasahau lita. Fundi alilipokea jibu hilo kwa makini kuliko yote yaliyotangulia. Hakusema kwa nini. Alimwambia tu: “Lete gari jioni, mdogo wangu, liache hapa, na funguo niachie mimi. Mtu asiliwashe.”

Kulipokucha ndipo kazi ilipoanza, na ilianza kwa kijiti cha kupimia mafuta. Kwenye Toyota za namna hiyo kijiti kina alama za baridi na alama za moto, na kipimo kinachoaminika ni cha moto, injini ikiwa inanguruma na mkono wa gia ukiwa umepitishwa kila kituo, kutoka P hadi L na kurudi. Yeye hupima mara zote mbili. Hupangusa kijiti kwa kitambaa cheupe, si kile cheusi cha kufutia mikono, kwa sababu rangi ndiyo anayoitafuta: nyekundu ni uzima, kahawia yenye harufu ya kuungua ni klachi zinazokwisha, na waridi la maziwa ni maji ya rejeta yaliyoingia mahali yasipotakiwa. Hapa palikuwa na wekundu uliofifia kidogo. Akanusa. Akakirudisha kijiti bila neno.

Kisha akatoa simu, akaweka saa ya kuhesabu. Kitabu cha Toyota kina jaribio ambalo mafundi wengi hawalifanyi kwa sababu linaonekana dogo mno: gari limesimama, breki imekanyagwa, unahamisha gia kutoka N kwenda D na kuhesabu muda hadi utakaposikia mshtuko mdogo wa klachi kushika. Isizidi sekunde 1.2. Kwenda R, isizidi 1.5. Unarudia mara tatu, ukipumzisha gari dakika moja kati ya jaribio na jaribio, kisha unachukua wastani. Kitabu kinataka mafuta yawe na nyuzi 50 hadi 80. Fundi wetu hulifanya likiwa baridi, hungoja, halafu hulifanya likiwa moto, na namba za baridi hazina mahali katika kitabu chochote. Anazozisoma ni tofauti za moja na nyingine. Tofauti kubwa ingempeleka kwenye sili. Tofauti ya Probox hii ilikuwa ndogo, na hapo, kabla hata jua halijatoka nyuma ya milima, giaboksi yenyewe ilikuwa imeshaondolewa lawama kwa sehemu kubwa.

Ingemtosha mtu mwingine. Yeye alitafuta pia ushahidi wa umeme. Toyota nyingi za miaka ya 1990 na mwanzo wa 2000 hueleza maradhi yao kwa taa ya O/D OFF: unaunganisha matundu mawili ya soketi iliyo chini ya usukani kwa kipande cha waya, unafungua swichi, na taa huanza kukonyeza. Mikonyezo 6, kimya, mikonyezo 2: solenoidi, yaani valvu ya umeme, ya kwanza ya kubadilishia gia. Sita na tatu: ya pili. Sita na nne: ile inayolifunga toki konvata. Nimeona watu wakilipia mashine ya kusomea yale ambayo waya wa faranga chache ungewasomea. Taa ya gari hili ilikonyeza sawasawa bila kukoma, mkonyezo wa gari lisilo na la kusema. Hata hivyo akachukua mita akapima solenoidi, kwa kuwa waya wa ndani ukipasuka huweza kuachana kwenye baridi na kugusana tena kwenye joto bila kuacha kumbukumbu. Kipimo kinachotakiwa ni omu 11 hadi 15 kwenye nyuzi 20, na nyuzi hizo zimeandikwa kwa sababu shaba yenyewe hubadilika na joto. Palikuwa salama.

Basi akaliacha gari lipoe tena, akaliwasha, akafungua boneti na kushika mpira wa juu wa rejeta. Akaendelea kuushika.

Kushika huko ndiko kulikonifanya niandike. Injini yenye themostati hufunga maji yake ndani hadi yapate moto; mpira wa juu hubaki wa baridi kwa dakika kadhaa, kisha themostati hufunguka, kwa kawaida kwenye nyuzi 82 hivi, na mpira hupata moto kwa ghafla, mkono ukajiondoa wenyewe. Injini isiyo na themostati haina ghafla. Maji yake huzunguka tangu mwanzo, na mpira hupata uvuguvugu mdogo mdogo bila kufika popote. Mkono wa fundi ulikaa pale muda mrefu wa kutosha kwa mtu kunywa chai, na haukujiondoa. Akachukua spana, akafungua boliti mbili za kifuniko kidogo ambacho dereva hakuwahi kukitazama. Ndani hapakuwa na kitu.

Sasa mambo yakajipanga. Kompyuta ya gari la namna hii huizuia gia ya mwisho, na pia hulizuia toki konvata lisijifunge, hadi maji ya injini yafike joto fulani, nyuzi 50 na kitu au 60 na kitu kutegemea modeli. Inafanya hivyo kwa makusudi, ili injini baridi isilemewe na ipate moto haraka. Ukiing’oa themostati, pwani hutagundua kitu: hewa ya Rumonge ina joto lake, na foleni ya sokoni huongeza lililobaki. Lakini ukiondoka Bururi alfajiri na kuanza kuteremka, injini haifanyi kazi ya maana, upepo baridi unapita kwenye rejeta, maji yanazunguka ovyo, na kompyuta inaendelea kuamini kwamba gari limewashwa sasa hivi. Inasubiri. Inasubiri mteremko mzima. Injini baridi nayo hulishwa petroli nyingi zaidi, na hizo ndizo lita zilizomliza dereva. Gari nyingi ndogo za Kijapani hazina mshale wa joto, zina taa ya buluu tu ambayo inatakiwa izime injini ikishapata moto. Taa inayochelewa kuzima ilikuwa imeshasema haya yote, ila nani huangalia taa isiyo nyekundu? (Kwa upande wa teremko, niseme ukweli, gia ya tatu ni rafiki wa breki. Ubovu huu ulikuwa ukimlinda dereva kwa njia yake.)

Fundi hakukimbilia kuweka themostati mpya. Alitaka kwanza ithibitike kwa njia isiyogharimu, na njia aliyoichagua ilinifurahisha. Alikata boksi la sabuni, akaziba nusu ya rejeta kwa mbele, akamwambia dereva apande na kulala Bururi kama kawaida, ateremke nalo alfajiri, kisha aliondoe boksi kabla ya kubeba mzigo wa kupanda tena. Karatasi nzito ikazuia upepo, injini ikapata moto, gia ya nne ikaingia gari lingali njiani. Hapakuwa na spana iliyotumika wala kipuri kilichonunuliwa, na jibu lilikuwa la uhakika kuliko lolote la mdomoni.

Lakini themostati haijing’oi. Kuna aliyeitoa, na kwa kawaida hakuwa mjinga: gari lilikuwa likichemka kwenye mlima na mzigo, abiria wameshuka, akina mama wana samaki wanaoyeyukiwa na barafu, na kuitoa themostati kuliwafikisha. Gereji nyingi za Afrika Mashariki huitoa kama dawa ya kwanza. Kwa hiyo kuirudisha bila kuuliza kwa nini ilitoka ni kumrudisha dereva kwenye kuchemka. Fundi akafungua rejeta na kutazama ndani kwa tochi. Ukoko mweupe ulikuwa umeziba njia nyingi za maji. Akamuuliza dereva anajaza maji gani. Dereva akaelekeza kidole ziwani.

Tanganyika ni maji matamu yanayowafaa samaki na watu, ila yana madini mengi kuliko ya mito ya milimani, na si machachu, yako upande wa magadi: pH yake hukaribia 9. Kwenye rejeta, yakichemka na kupoa kila siku, huacha madini yake ukutani, na bati la aluminiamu halipendi maji ya aina hiyo. Kifuniko cha rejeta nacho kilikuwa kimelegea, na hili hudhuru zaidi kadiri unavyopanda, kwa sababu maji yasiyobanwa na presha huchemka yakiwa na nyuzi 97 hivi Rumonge lakini 94 tu Bururi. Ndiyo safari nzima ya ugonjwa huu: maji ya ziwa yakaziba rejeta, rejeta ikachemsha injini mlimani, mlima ukang’oa themostati, na themostati iliyokosekana ikainyima giaboksi gia yake ya nne, ambayo ndiyo iliyokuja kushitakiwa.

Matengenezo yalikuwa ya kawaida na sitayarefusha. Rejeta ikasafishwa, kifuniko kikabadilishwa, kulanti ikawekwa. Themostati mpya aliitumbukiza kwanza kwenye sufuria juu ya jiko la makaa, na kipimajoto kando yake, aone inafunguka wapi, maana vipuri vya kughushi navyo hupanda mabasi kutoka Bujumbura.

Wapo watu wa pwani hii ambao baridi ya gari wameijua kwa kiwango kingine. Machafuko ya 1972 yalianza Rumonge na Nyanza-Lac, na maelfu wakakimbilia Tanzania. Kuanzia 2007 baadhi ya wakimbizi wale wa 1972 wakahamishiwa Marekani, na wengine wakajikuta katika majimbo ambako asubuhi ya majira ya baridi huweza kufika nyuzi 20 chini ya sifuri. Kaskazini mwa Ulaya hata viwanja vya kuegesha magari vina soketi za umeme za kupashia injini moto usiku. Huko mafuta ya giaboksi huwa mazito kiasi kwamba kuchelewa kidogo kushika gia si ugonjwa, ni hali ya hewa, na anayeishi huko hujifunza kuliacha gari lingurume kidogo kabla ya kuondoka. Ila swali la fundi wa Rumonge lingefanya kazi huko bila kubadilishwa neno: tabu inapungua joto likipanda, au inabaki pale pale? Inayobaki joto likiwa limekamilika ndiyo ya kufunguliwa giaboksi. Inayopungua hupewa muda na kipimajoto.

Siku hizi kazi inamjia fundi huyu kwa sura nyingine. Giaboksi mpya nyingi hazina kijiti cha kupimia. Probox yenyewe tangu 2014 ina giaboksi ya mkanda isiyo na ngazi za gia, inayotaka mafuta yake maalumu, na anayeimiminia mafuta ya kawaida ya otomatiki anaiua. Kwenye giaboksi zisizo na kijiti, kiwango hupimwa kwa kufungua kizibo cha chini, injini ikinguruma, na kutazama mafuta yanavyochuruzika. Lakini kipimo hicho ni halali mafuta yakiwa kwenye joto dogo la kati, kwa nyingi ni kati ya nyuzi 35 na 45 hivi. Mchana wa Rumonge, gari likiwa limetoka kusimama juani, dirisha hilo hupita kabla fundi hajalala vizuri chini ya gari. Mafuta yameshavimba, yanamwagika zaidi ya inavyostahili, kizibo kinafungwa na dereva anaambiwa yametosha. Upungufu huo hautaonekana ziwani. Utaonekana Bururi alfajiri. Ndiyo maana kazi ya kizibo huifanya saa kumi na mbili asubuhi, na mteja anayekuja nayo saa sita huambiwa aliache gari hadi kesho.